Mjomba, Huyu Ni wa Ukoo Gani?

Leo nataka twende sote kutoka Webuye hadi Kitale, na njiani tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda hujalifikiria tangu ulipoachana na somo la biolojia: viumbe ambao wataalamu walikuwa hawawajui, na jinsi wanavyopewa jina na ukoo.

Nilikuwa Webuye kwa dada yangu. Mwanawe, ambaye yuko kidato cha tatu, ana tabia moja inayomkosesha baba yake usingizi. Anakusanya wadudu. Chini ya kitanda chake kuna makopo ya majani ya chai yaliyojaa vipepeo, panzi na mbawakawa waliokauka, kila mmoja na kijikaratasi chake. Siku hiyo, baada ya chakula cha jioni, baba mtu alinigeukia.

"Shemeji, wewe uliyesoma, hebu mwambie huyu mpwa wako. Umewahi kuona mtu akilipa karo kwa vipepeo? Si afadhali asomee uhasibu?"

Kijana aliinamisha kichwa. Kwetu sisi Wabukusu, mjomba, yaani khocha, ana neno lake kwa mpwa, na neno hilo halitolewi ovyo. Niliomba nipewe siku moja kabla ya kujibu.

Kesho yake alfajiri tulipanda matatu, mimi na yeye. Tulipita Misikhu, tukapita Kamukuywa na Kiminini, Mlima Elgon ukitusindikiza upande wa kushoto, hadi tukaingia Kitale. Huko kuna makumbusho ambayo watu wengi wa magharibi huyapita tu wakienda zao sokoni. Chanzo chake ni mzungu mmoja aliyependa wadudu na ndege kupita kiasi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanza makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Mkusanyo wake ndio uliokuwa msingi wa makumbusho ya umma yaliyofunguliwa mjini humo mwaka 1974.

Mpwa wangu alisimama mbele ya wadudu kwa muda mrefu sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, nikipata mdudu ambaye hajulikani hata huku, nitajuaje ni wa ukoo gani?"

Swali hilo, msomaji wangu, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wewe mwenyewe unajua jinsi mgeni anavyopokewa kwetu. Akishakaribishwa, wazee watamuuliza jina lake, lakini jina halitoshi. Watataka kujua ukoo wa baba yake, kisha ukoo wa mama yake. Wanataka kujua ni wa kina nani, kwa sababu ukimjua ndugu yake umeshajua mambo mengi juu yake. Na kijana anayetaka kuoa akidanganya juu ya ukoo, siku moja ukweli utatoka na aibu itakuwa kubwa.

Wataalamu wa viumbe nao hufanya vivyo hivyo. Kila kiumbe ana majina mawili. La kwanza ni la jenasi, ambayo ndiyo kama ukoo, na la pili ni la spishi, yaani aina yenyewe. Utaratibu huu ulianzishwa na Carl Linnaeus wa Sweden, na majina ya wanyama huhesabiwa tangu kitabu chake cha mwaka 1758. Simba anaitwa Panthera leo. Chui anaitwa Panthera pardus. Kwa hiyo simba na chui ni wa ukoo mmoja. Duma je? Yeye ni Acinonyx jubatus. Ingawa ana madoa kama chui, ukoo wake ni mwingine kabisa. Sura, kama ujuavyo, hudanganya.

Sasa, kuongeza spishi mpya katika jenasi inayojulikana ni kama kusema kwamba mtoto amezaliwa katika boma fulani. Lakini kutangaza jenasi mpya ni jambo zito zaidi. Ni kusema kwamba mgeni huyu tumempeleka kwa kila boma, tukamlinganisha na kila mtu, na hakuna boma lililo lake. Inabidi ajengewe lake.

Hayo hayafanywi kwa maneno matupu. Mtafiti lazima aeleze kwa maandishi alama zinazomtenga kiumbe huyo na jamaa zake wa karibu: meno, mifupa, mabawa, maua, siku hizi hata chembe za urithi ambazo wengi huziita DNA. Kwa kawaida sampuli huwekwa mahali pa kudumu kama makumbusho, ili yeyote mwenye shaka aende akaitazame. Jenasi mpya nayo huteuliwa spishi moja ya kuwa nguzo yake. Kisha yote huchapishwa hadharani. Bila kuchapishwa, jina ni uvumi tu.

Na usidhani haya hutokea ng'ambo peke yake. Inua macho yako pale Webuye utazame Elgon. Juu kabisa, kule ambako usiku ni barafu na mchana ni jua kali, kuna mimea ya ajabu yenye shina nene kama la mti na kichwa cha majani mapana mithili ya kabichi kubwa. Majani yake yaliyokauka hayaanguki. Hubaki yamelizunguka shina kama blanketi na kulikinga na baridi. Kwa miaka mingi mimea hii iliwekwa katika jenasi Senecio, ambayo ina spishi zaidi ya 1,000 duniani. Mwaka 1978 mtaalamu wa Sweden, Bertil Nordenstam, aliipa jenasi yake yenyewe, Dendrosenecio, neno la kwanza likitokana na jina la mti kwa Kigiriki. Haipatikani kokote duniani ila katika milima mirefu ya Afrika Mashariki na ya kati: Elgon, Cherangani, Mlima Kenya, Kilimanjaro na mingine michache. Aina moja imepewa hata jina la mlima wetu, Dendrosenecio elgonensis. Wangapi kati yetu tunajua kwamba tuna jirani wa namna hiyo?

Tuvuke mpaka sasa, twende Tanzania. Katika misitu ya Mlima Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na habari za kima mmoja mwenye haya, anayekaa juu mitini, waliyemwita kipunji. Watafiti waliosikia habari hizo walimtafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti lilimwona katika misitu ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwaka 2005 walimtangaza kwa pamoja kuwa spishi mpya. Kwa kuwa walikuwa na picha tu, bila mwili, walimweka katika jenasi Lophocebus, ya kima wanaofanana naye kwa umbo na kwa kukaa mitini.

Halafu kipunji mmoja mchanga akanaswa na kufa katika mtego wa mkulima. Kifo hicho kilisikitisha, lakini kilileta ushahidi uliokosekana: fuvu na chembe za urithi. Chembe hizo zilisema kitu ambacho macho hayakukiona. Kipunji alikuwa karibu zaidi na nyani, wale wa kuvamia mahindi, kuliko kima aliofananishwa nao. Lakini nyani naye hakuwa, kwani fuvu lake halikulingana na la nyani. Hakuwa na boma. Mwaka 2006 Tim Davenport na wenzake, wakiwemo Watanzania kama Noah Mpunga na Sophy Machaga, walimtangazia jenasi yake: Rungwecebus kipunji. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu jenasi mpya ya kima aliye hai itangazwe barani Afrika.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata kipunji 1,117 peke yao. Hebu fikiria, msomaji. Ukoo mzima, usio na ndugu mwingine duniani, unaweza kutoshea katika shule moja kubwa ya msingi. Kabla ya kupewa jina, kama ungekatwa msitu wote na kipunji wa mwisho akafa, hakuna kitabu cha sayansi ambacho kingeandika kwamba kuna kitu kimepotea. Asiye na jina hana matanga.

Kisa cha tatu kimetokea humu humu kwetu. Karibu na mwaka 1980, mifupa ya kale ilichimbwa mahali paitwapo Meswa Bridge, upande wa Muhoroni. Waliochimba walikuwa na hamu ya kujua habari za sokwe wa kale. Taya kubwa lenye meno ya kutisha likahifadhiwa katika makumbusho ya taifa jijini Nairobi, likakaa humo miaka na miaka. Ndipo mtafiti wa Marekani, Matthew Borths, alipofungua kabati akalikuta. Yeye na mwenzake Nancy Stevens walilichunguza, na mwaka 2019 wakatangaza jenasi mpya ya mnyama mla nyama aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, mkubwa kuliko simba yeyote wa leo. Tena wakampa jina kwa lugha yetu: Simbakubwa kutokaafrika.

Nilipomwambia mpwa wangu jina hilo alicheka hadi walinzi wakageuka. "Mjomba, mwalimu wetu wa Kiswahili angetia kalamu nyekundu! Ni simba mkubwa!" Ni kweli. Na mnyama mwenyewe si simba hata kidogo; ni wa kundi jingine la wala nyama lililotoweka kabisa. Lakini jina likishachapishwa kwa kufuata kanuni halirekebishwi kwa sababu ya ngeli. Litabaki hivyo hivyo katika vitabu vya dunia nzima.

Nawashukuru watafiti hao kwa kuiheshimu lugha yetu. Hata hivyo najiuliza: kabati hilo lilikuwa Nairobi miaka yote hiyo. Kwa nini asilifungue kijana wa Bungoma, mwenye kujua mifupa na mwenye kujua ngeli? Jibu ni rahisi na linauma. Huenda kijana huyo alikuwepo, ila alishaambiwa nyumbani kwamba vipepeo havilipi karo.

Tuliporudi Webuye jioni, shemeji alikuwa akiningoja. Sikumweleza habari za kima wala simba. Nilimuuliza tu juu ya mahindi yake ya mwaka 2017. Uso ulibadilika. Mwaka huo kiwavi mgeni aliingia mashamba ya magharibi, na wakulima wengi walidhani ni kiwavijeshi wa siku zote. Kumbe alikuwa ndugu yake, wa jenasi ile ile Spodoptera lakini spishi nyingine, kutoka bara la Amerika. Yule wa zamani hupita kama jeshi akaenda zake. Huyu hujificha katika moyo wa mhindi, na tangu aje hajaondoka. Kumpiga vita ulihitaji kwanza kumjua ni nani.

"Na nani aliyemtambua?" shemeji akauliza.

"Watu waliokuwa wakikusanya wadudu," nikamjibu.

Alinyamaza. Sikusema kijana asiwe mhasibu. Hilo wataamua wenyewe matokeo yakitoka. Nilichoomba ni kwamba makopo yale yasitupwe. Mpwa wangu naye nilimpa kazi mbili. Kwanza, kila kijikaratasi kiandikwe mahali, tarehe na kilichokuwa karibu, maana mdudu asiye na habari hizo hawezi kumsaidia mtafiti sana. Pili, awaulize wazee jina la kila mdudu kwa Kibukusu kabla wazee hao hawajaondoka na majina yao. Kumbuka kwamba kipunji alianza kwa jina la wenyeji.

Nawe mzazi unayesoma haya ukinywa chai, mwanao akikuletea kiumbe mkononi na kukuuliza ni wa ukoo gani, usimfukuze. Kama hujui, mwambie hujui, kisha mwende pamoja mkaulize. Siku nilipoondoka niliona makopo yale yamehamishwa kutoka chini ya kitanda. Yamewekwa juu ya kabati la sebuleni, na aliyeyaweka hapo ni baba yake.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.