Baridi na Mwendesha Pikipiki

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Methali hii imekuwa mto wa kulalia kwa wavivu wa fikira. Ajali itokeapo, husemwa. Majeruhi apelekwapo hospitalini, husemwa. Na maiti azikwapo, husemwa tena kaburini, kisha watu hurudi makwao kungoja ajali nyingine. Mimi siikubali methali hii itumiwapo hivyo. Ajali nyingi zina kinga, na mojawapo ya kinga hizo ni jambo ambalo wengi hulidharau: kumhifadhi mwendesha pikipiki na baridi.

Najua utacheka, msomaji. Utauliza, baridi gani iliyoko Ukambani? Kitui na Makueni zitajwapo, mawazo ya watu hukimbilia jua, vumbi, mibuyu na mito ya mchanga. Picha hiyo ni nusu ya kweli. Nchi ya Makueni hupanda kutoka mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari mpaka karibu mita 1,900 katika vilima vya Mbooni, na nchi ya Kitui hupanda kutoka mita 400 mpaka 1,800 hivi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Basi mkazi wa Kibwezi na mkazi wa Nunguni, ingawa ni watu wa kaunti moja, hawaamki katika asubuhi moja. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu huvifunika vilima vya Kilungu na Mbooni, manyunyu huanguka, na jua huchelewa kutoka kama mgeni asiyetaka kuja.

Sasa mpandishe mtu juu ya pikipiki katika asubuhi hiyo. Hewa ikiwa na nyuzi 10, naye akienda kilomita 60 kwa saa, upepo wa mwendo wake humnyang'anya joto hata ngozi yake ihisi kana kwamba hewa ina nyuzi 5. Akilowa, hali huwa mbaya zaidi. Mwenda kwa miguu hupata joto kwa kutembea kwake. Mwendesha pikipiki huketi tu akapigwa. Viungo vinavyoathirika kwanza ni vidole, maana mwili ukiona baridi hupunguza damu iendayo mikononi na miguuni ili ulinde moyo na viungo vya ndani. Na vidole ndivyo vilivyoshika uhai: mkono wa kulia hushika breki ya mbele, na wa kushoto hushika klachi. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa kila sekunde. Vidole vilivyokufa ganzi vikichelewa nusu sekunde tu, pikipiki imekwisha kwenda mita 8 zaidi. Katika mita hizo 8 huenda amesimama mtoto. Je, hapo napo tuseme kuwa ajali haina kinga?

Sineni haya kwa kuichukia pikipiki. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo zilienea mpaka vijijini, nyingi zikiwa na injini ya sentimita za ujazo 100 mpaka 150. Zimefika pasipofika gari. Humpeleka mja mzito hospitalini, huyapeleka maembe sokoni, na huchukua mitungi ya maji mahali ambapo kisima ki mbali. Vijana wengi wamepata riziki ya halali kwa chombo hiki. Kosa letu ni kuwa tulikipokea chombo tukaliacha vazi lake.

Hutolewa hoja tatu za kutetea kosa hilo. Ya kwanza ni ya ujasiri: kwamba mwanamume haogopi baridi. Jibu lake ni fupi. Baridi haijui mwanamume wala mwanamke. Ujasiri haupeleki damu katika kidole kilichokufa ganzi. Ya pili ni ya kileo: kwamba tone la pombe alfajiri hupasha mwili moto. Huu ni uongo unaoua. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na mtu hujiona ana joto wakati ule ule ambapo joto lake linamtoka. Tena humpunguzia akili na wepesi ambao barabara inaudai.

Hoja ya tatu ni ya ufukara, nayo yastahili kusikilizwa kwa heshima. Ni kweli kuwa mavazi ya ngozi wavaayo waendeshaji wa Ulaya si ya mfuko wa kijana wa Tawa au wa Mutitu. Lakini kinga si lazima iwe ghali. Wenyewe waendeshaji wamekwisha gundua kuvaa koti kinyume, mgongo wake ukaja kifuani, ili upepo usipite penye vifungo. Wasiojua huwacheka, mimi nawasifu. Yaliyobaki ni glavu nzito, soksi za sufu, na mifuko ya turubai ifungwayo kwenye usukani ili kufunika mikono. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilishona barakoa. Mikono iliyoweza kushona barakoa yaweza kushona glavu. Kinachopungua si uzi wala sindano, ni nia.

Tena yako mambo ambayo sheria imekwisha kuyaamua. Tangu mwaka 2012 sheria za barabara za Kenya zimemtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na koti lenye kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Kofia hiyo hulinda kichwa kisipasuke, na hulinda macho na masikio na upepo. Lakini mara ngapi umeiona ikining'inia kwenye usukani kama pambo, hali kichwa kiko wazi katika ukungu?

Hapa neno langu lakugusa wewe mwanafunzi. Usidhani umeketi nyuma tu na mambo si yako. Alfajiri hukimbilia kengele ya shule, mkapanda watatu au wanne kwa mtindo uitwao mshikaki, na mwendeshaji mwenye mikono mitupu akaambiwa aharakishe. Nyinyi mlio nyuma mwasitiriwa na mgongo wake. Yeye hana wa kumsitiri. Mwamrishapo aongeze mwendo, mwaongeza baridi mikononi mwake, na mikono hiyo ndiyo iliyobeba maisha yenu.

Basi toka nyumbani mapema, ili usiwe na sababu ya kumharakisha. Kataa mshikaki. Omba kofia na uivae. Mwambie mwendeshaji kwa adabu, "Kaka, twende polepole, baridi ni kali." Na ukiwa na ujuzi wa kushona, usikae bure nao. Nasi wakubwa tuache kuificha aibu yetu nyuma ya methali. Ajali ambayo glavu ingeizuia ilikuwa na kinga. Tulichokosa ni kuivaa.