Nzi wa Matunda Hajui Mpaka wa Shamba

Wengi wetu tunaofanya kazi Dar es Salaam na kumiliki mashamba Kibaha na Kisarawe ni wakulima wa Jumamosi. Siku nyingine tunalima kwa simu: msimamizi anatuma picha ya embe lililooza, nasi tunauliza kwenye kundi la WhatsApp dawa gani ipulizwe. Majibu huja kumi, yote majina ya dawa. Hakuna anayeuliza mtego ulinasa nzi wangapi wiki iliyopita, kwa kuwa wengi hatuna mtego.

Swali hilo ndilo msingi wa mifumo ya mtandaoni inayomsaidia mkulima kuamua. Huko Marekani, mfumo wa NEWA wa Chuo Kikuu cha Cornell hupokea vipimo vya vituo vya hali ya hewa, hukokotoa joto lililolimbikana, kisha humkadiria mkulima wa matufaha ni lini mayai ya wadudu yataanguliwa. Hapa kwetu, programu ya Nuru imekwisha kuonyesha kwamba simu inaweza kutambua magonjwa ya muhogo na kuyaeleza kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti. Teknolojia, basi, si kikwazo kikuu.

Kikwazo ni tabia ya adui na tabia yetu. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutaga mayai chini ya ganda la embe. Funza hula ndani, mahali ambapo dawa ya kupuliza haiwafikii. Tunda huanguka, funza huingia udongoni, na baada ya siku chache hutoka nzi kamili. Pwani hakuna majira ya baridi ya kuukatiza mzunguko huo.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa shamba moja hautoshi. Nikiri: kwa misimu miwili, jirani mzembe nilikuwa mimi. Mzee anayepakana nami Kisarawe aliokota maembe yake kila asubuhi na kuyafukia katika shimo refu. Yangu yalioza chini ya miti hadi Jumamosi. Nzi waliozaliwa kwangu walishambulia kwake. Yeye anaishi kwa maembe yale. Mimi nina mshahara.

Hoja yangu ni kwamba chombo cha kuamua ni huduma ya umma, kama barabara. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe, zikishirikiana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ziweke mitego ya pamoja vijijini. Maofisa ugani wahesabu nzi kila wiki, na matokeo yamfikie kila mkulima kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili, hata mwenye simu ya kitochi. Vijiji navyo vitunge sheria ndogo: mwenye shamba, awepo au asiwepo, matunda yaliyoanguka yafukiwe. Pasipo hayo, programu nzuri kuliko zote itatuuzia dawa tu.

Nami sitasubiri sheria. Nimekwisha kumlipa kijana wa kuokota kila asubuhi, na Jumamosi hii nitakwenda kumtaka radhi mzee wangu.