Pizza, Jibini na Swali la Halali

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akimwuliza mwalimu wake wa kemia iwapo pizza ya mikahawa ya makampuni makubwa ni halali kwa Mwislamu, yamkini ataambiwa alipeleke swali hilo kwa mwalimu wa dini. Mwalimu wa dini naye, akisikia kwamba ndani ya jibini hutumika kitu kitokacho tumboni mwa ndama, au pengine kitokacho katika kuvu iliyooteshwa kiwandani, atamrudisha mtoto yule kwa mwalimu wa kemia. Kwa maoni yangu swali hili ni la walimu wote wawili, na wa kwanza kulijibu ni yule wa sayansi. Shehe hawezi kutoa hukumu juu ya kitu ambacho hakuelezwa ni nini. Mwanasayansi naye, akishaeleza, hana budi kunyamaza na kumwachia mwenye elimu ya sheria ahukumu.

Awali ya yote tuondoe dhana moja. Watu wengi huichukua nembo ya kampuni kuwa ni dhamana. Pizza Hut ilianzishwa Wichita, Kansas, mwaka 1958. Domino's ikafuata huko Ypsilanti, Michigan, mwaka 1960. Leo mabango yao yameenea Asia, Arabuni na Afrika, na makampuni ya Afrika Kusini nayo yamefika hadi Nairobi na Dar es Salaam. Lakini biashara ya namna hii aghalabu huendeshwa kwa kuuza haki ya jina. Mfanyabiashara wa nchi husika hulipia jina, nembo na mapishi, kisha nyama na jibini hupatikana kwa wauzaji waliokubaliwa katika eneo lake. Ndiyo maana pizza yenye jina lilelile ina cheti cha halali mjini Kuala Lumpur, ilhali huko Chicago peperoni iliyo juu yake ni soseji kavu ya nguruwe iliyochanganywa na ng'ombe. Hata ndani ya nchi moja mambo hutofautiana. Mwaka 2009 tawi moja la Domino's katika eneo la Hall Green, mjini Birmingham, Uingereza, liliondoa nyama ya nguruwe kabisa, wakati matawi mengine ya kampuni hiyo nchini humo yalikuwa yakiendelea kuiuza. Basi anayeuliza kama kampuni fulani ni halali ameuliza swali lisilojibika. Aulize juu ya tawi, katika nchi fulani, katika mwaka fulani.

Juu ya nguruwe sina haja ya kusema mengi, kwa kuwa katazo lake liko wazi katika Sura ya al-Maida na hakuna anayebishana nalo. Wala kumwondoa nguruwe hakumalizi kazi. Kuku na ng'ombe nao huwa haramu wakiwa ni kibudu, au wakichinjwa kinyume cha sharti. Mkahawa ukiandika mlangoni kwamba hauuzi nguruwe, umesema kweli moja tu na kuziacha nyingine.

Penye utata zaidi ni kwenye jibini, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliwaona wenzetu Waislamu wakiagiza pizza ya mboga kwa moyo mweupe, wakiamini kwamba wameepukana na mashaka yote. Nyama haikuwamo, ni kweli. Lakini jibini ilikuwamo, na jibini nyingi haigandi bila ya reneti.

Maziwa yana protini iitwayo kaseini, ambayo imejikusanya katika chembe ndogo mno zinazoelea bila kushikana. Kinachozizuia zisishikane ni aina moja ya kaseini, iitwayo kapa, iliyojitokeza juu ya kila chembe mithili ya manyoya. Sasa ndama anayenyonya ana kimeng'enya, au enzaimu kama wengine waitavyo, katika tumbo lake la nne. Jina lake ni kimosini. Kimosini huikata kaseini ya kapa mahali pamoja tu, baina ya asidi-amino ya 105 na ya 106. Manyoya yakishakatwa, chembe hukutana, kalisi huzisaidia kushikana, na maziwa huwa donge. Kwa ndama faida yake ni kwamba maziwa hayapiti tumboni upesi. Kwa mwanadamu faida yake ni jibini. Reneti kidogo sana hugandisha maziwa mengi sana, maelfu ya mara kuliko uzito wake, na sehemu yake kubwa huondoka pamoja na maji ya maziwa yanayochujwa.

Swali basi ni hili: ndama yule alichinjwa na nani, na vipi? Wanachuoni wa Kiislamu walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya pizza ya makampuni. Imam Abu Hanifa aliona kwamba reneti ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni tohara, na wanaomfuata hutoa hoja kwamba Masahaba walikula jibini ya nchi za Wamajusi. Imam Shafi hakukubali. Na Waislamu wa Pwani yetu, kama ijulikanavyo, wengi wao ni Mashafi. Kwa hiyo jibini moja, katika sahani moja, yaweza kuwa na hukumu mbili, na maabara haina la kuongeza hapo.

Lakini maabara ilibadilisha swali lenyewe. Mwaka 1990 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kimosini iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya ndama. Leo hamira na kuvu hutumika vivyo hivyo, na katika nchi kadhaa kubwa sehemu iliyo kubwa ya jibini hugandishwa kwa kimosini ya namna hiyo. Ndama hahitaji kuchinjwa tena; kilichobaki kwake ni maandishi ya jeni tu. Taasisi nyingi zinazotoa vyeti vya halali zimeikubali. Iko pia reneti ya kuvu ambayo haina uhusiano wowote na ndama. Kinyume chake, jibini maarufu ya Parmigiano Reggiano kutoka Italia inalazimika kwa kanuni zake kugandishwa kwa reneti ya ndama, na wapishi wengine huinyunyiza juu ya pizza bila kuwaza lolote.

Mwalimu mwenye nafasi anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama. Achukue maziwa ya uvuguvugu katika gilasi mbili. Moja aitie ndimu, nyingine utomvu kidogo wa papai bichi. Zote mbili zitaganda, moja kwa asidi na nyingine kwa kimeng'enya cha mmea. Kisha awaulize wanafunzi wapya, ambao hawakuona kilichotiwa, waseme kwa kutazama tu ni kipi kilichogandisha kila gilasi.

Unga wenyewe nao una mambo yake. Hamira ikila sukari hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi pamoja na alikoholi, na wako vijana wanaotishika wakisikia hivyo. Alikoholi huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi, na tanuri la pizza hupita nyuzi 200. Iliyo nyingi hutoka na mvuke. Mkate wa kumimina wa Pwani hupita njia hiyohiyo, na wazee wetu wameula Ramadhani zote. Hapo sioni tatizo. Linalostahili kuulizwa ni sisteini, asidi-amino ambayo viwanda vingine huitia katika unga ili kulegeza gluteni na donge litandazike upesi. Katika orodha za viongezi hujulikana kwa alama E920. Yaweza kutoka katika manyoya ya bata, katika nywele za nguruwe, au kwa bakteria viwandani. Hata nywele za watu zimewahi kutumika, ingawa Umoja wa Ulaya hauruhusu sisteini ya chakula itoke huko. Katika mirija ya maabara ni molekuli ileile, na mkemia hana sababu ya kuipendelea moja. Mla chakula anayo sababu, na ni haki yake.

Kisha kuna jikoni. Tawi linalouza nyama ya nguruwe na kuku hutumia tanuri moja na mara nyingi kisu kimoja cha gurudumu cha kukatia. Katika madhehebu ya Shafi chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sidhani kama yupo kijana wa zamu ya usiku anayefanya hivyo baina ya mteja mmoja na mwingine.

Wapo watakaosema: basi tupeleke pizza maabara, tupate jibu. Ni kweli kwamba tunaweza mengi. Chembe chache za DNA ya nguruwe zaweza kuzidishwa mara mamilioni hadi zionekane. Kwa njia hiyo, Januari 2013, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya kupima aina 27 za chapati za nyama zilizoitwa za ng'ombe. Aina 10 zilikuwa na DNA ya farasi, na 23 zilikuwa na DNA ya nguruwe. Ulaya nzima ilishtuka, na si Waislamu peke yao.

Hata hivyo kipimo hicho hakijui alichotamka mchinjaji. Kuku aliyechinjwa kwa Bismillahi na kuku asiyechinjwa hivyo wana DNA moja. Kimosini ya bakteria na ya ndama zaweza kuwa na mpangilio uleule wa asidi-amino. Na mara nyingine kitu chenyewe hakimo kabisa katika chakula. Mwanzoni mwa mwaka 2001 Indonesia iliingia katika mzozo mkubwa juu ya kiungo cha Ajinomoto. Baraza la Ulamaa lilikiharamisha kwa sababu chakula walicholishwa bakteria wa kukitengeneza kiliandaliwa kwa kimeng'enya cha kongosho la nguruwe. Rais Abdurrahman Wahid, naye mwanachuoni, aliona ni halali, kwa kuwa katika kiungo chenyewe nguruwe hakuwamo. Bidhaa hizo ziliondolewa madukani kwa tani nyingi. Kemia haikuwa na ubishi. Waliobishana walikubaliana juu ya kilichomo. Walichobishania ni njia iliyopitiwa, na njia haisomwi katika darubini. Husomwa katika hati.

Malaysia imelielewa hilo. Huko idara ya serikali, JAKIM, hukagua kwa mujibu wa kiwango cha taifa, MS 1500, na tangu mwaka 2011 sheria ya maelezo ya biashara hulifanya neno halali kuwa dai linaloweza kumpeleka mtu mahakamani. Indonesia ilitunga sheria yake mwaka 2014, na Oktoba 2024 wajibu wa cheti ulianza kwa wenye biashara kubwa na za kati za chakula. Hata Tume ya Codex, inayosimamia viwango vya chakula duniani, ilitoa mwongozo wa matumizi ya neno hilo tangu mwaka 1997. Sisemi tuige kila kitu. Tanzania na Kenya ni nchi za watu wa dini mbalimbali, na serikali haifai kugeuzwa kadhi. BAKWATA hutoa vyeti hapa, na Nairobi nako kuna ofisi ya kazi hiyo, na waendelee. Ninachodai kwa serikali ni kidogo zaidi, nacho ni cha kisayansi: ukweli juu ya asili ya vitu.

Chakula cha kopo huja na orodha ya viungo. Pizza hufika mezani bila ya kitu. Naona ingefaa kila mkahawa wa kampuni kubwa uwajibike kubandika ukutani maelezo ya asili ya nyama yake, ya reneti iliyogandisha jibini yake, ya viongezi vya unga wake, na kama tanuri na visu vyake ni vya pamoja. Cheti, kikiwapo, kionyeshe tawi na tarehe ya kumalizika. Maelezo hayo yatamfaa Mwislamu, yatamfaa Msabato asiyekula nguruwe, na Mhindu asiyegusa nyama.

Najua wako mashehe waadilifu wanaoonya dhidi ya wasiwasi wa kupekuapekua, na wanaosema kwamba kitokacho mkononi mwa Mwislamu kidhaniwe kuwa chema. Nauheshimu msimamo huo. Lakini dhana hiyo njema ilikulia mahali ambapo mchinjaji alijulikana kwa jina lake na la baba yake. Jibini ya leo yaweza kuwa imegandishwa katika bara moja kwa kimeng'enya cha bara jingine, na anayekuletea mezani hajui zaidi ya unavyojua wewe.

Makampuni nayo yatasema kwamba mapishi ni siri yao. Hakuna aliyeomba mapishi. Muuzaji wa jibini anajua reneti yake imetoka wapi, na akiulizwa na mnunuzi mkubwa humwandikia barua. Barua hiyo ndiyo tunayotaka ibandikwe.