Istilahi Zimo Karakanani: Kiswahili na Siri ya Chuma

Katika makongamano yetu, suala la istilahi za sayansi aghalabu huzungumzwa kana kwamba ni kazi ya kuketi mezani na kamusi ya Kiingereza. Maoni yangu ni tofauti. Sehemu ya istilahi hizo inatungoja katika karakana za jua kali, na sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio tuliochelewa kuzifuata.

Binamu yangu hufua makarai na majiko huko Kibuye, mjini Kisumu. Fuawe lake ni kipande cha reli. Alipojiunga na chuo cha ufundi, alianguka mtihani wa elimu ya metali. Swali mojawapo lililomshinda lilitaka aeleze kwa nini bamba la chuma likifuliwa baridi huwa gumu, kisha hupasuka. Nilipomuuliza swali hilo kwa Kiswahili, alinijibu pasi na kusita: “Ukiligonga sana linakaza, halikubali tena. Lirudishe motoni lilegee, la sivyo litapasuka.” Sidai kuwa lugha ndiyo sababu pekee ya kuanguka kwake, lakini jibu alikuwa nalo.

Tuitazame elimu yenyewe. Chuma si kitu kimoja kisichogawika. Ni punje nyingi ndogo zilizoshikamana mithili ya mahindi kwenye gunzi. Ndani ya kila punje atomu zimejipanga safu kwa safu, ila mwelekeo wa safu hubadilika kutoka punje hadi punje. Mahali pengine safu moja hukatikia njiani. Mwaka wa 1934 Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kuwa kasoro hiyo ndiyo huiwezesha metali kupindika bila kuvunjika. Anayetaka kusogeza turubai zito la kuanikia omena ufuoni halivuti lote kwa mara moja. Hutia kunyanzi upande mmoja, akalisukuma hadi upande wa pili. Kasoro ya safu husafiri vivyo hivyo.

Lakini ikifika mpakani mwa punje, huzikuta safu za jirani zimeelekea kwingine, ikazuiwa. Zinazoifuata hurundikana nyuma yake, na msukumo mpakani huongezeka hadi punje ya jirani ikubali kupindika, au ufa uanze. Ndiyo maana, kwa kawaida, punje zikiwa ndogo mipaka huwa mingi na metali huwa imara zaidi, kama walivyoonyesha E. O. Hall mwaka wa 1951 na N. J. Petch mwaka wa 1953. Nyundo nayo huzizidisha kasoro hizo hadi zikazuiana zenyewe kwa zenyewe. Moto wa kutosha huzaa punje mpya zisizo na msongamano huo. “Linakaza” na “lilegee” za binamu yangu ni elimu iyo hiyo.

Tuviite nini basi vitu hivi? Napendekeza “punje” badala ya “chembe”, kwa kuwa chembe tayari ina kazi nyingine katika fizikia. “Mpaka wa punje” hauhitaji ufafanuzi. Kasoro ya safu naiita “mteguko”, kwa kuwa kiungo cha mwili husemwa kimeteguka kinapotoka mahali pake bila kuvunjika. Kukaza na kulegea tumwachie fundi, kwani ni maneno yake.

Wapo watakaosema kuwa maneno ya karakana hutofautiana mji hadi mji, na kwamba yatavuruga usanifishaji. Hoja hiyo ina uzito. Hata Kibuye mafundi huzungumza Dholuo wao kwa wao, na Kiswahili na mteja wa kutoka mbali. Hata hivyo, hatuwezi kusanifisha tusichokikusanya. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na kuthibitisha kuwa kazi hii inawezekana. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya. Urasmi usiomfikia fundi ni nusu urasmi.

Sisi wa fasihi tumezoea kwenda vijijini na vinasa sauti kutafuta nyimbo na ngano. Wasamia walisifika kwa kufua majembe kando ya ziwa hili kabla ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901, lakini ni wangapi kati yetu waliokwenda kuuliza majina ya hali za chuma? Napendekeza kila tawi la chama liwatume wanachama wawili katika karakana iliyo karibu na chuo chake. Waandike majina ya zana, ya hali za chuma na ya kasoro zake, kisha orodha hizo zilinganishwe kongamanoni mbele ya wahadhiri wetu.

Binamu yangu ataurudia mtihani. Ataufanya kwa Kiingereza, hilo halijabadilika. Ningependa tu aingie ukumbini akijua kuwa alichokisema kando ya fuawe kilikuwa sayansi.