Ndege ya Zamani Yaruka Tena

Msomaji mpenzi uliye Handeni au Korogwe, wamjua mtoto aundaye eropleni kwa mabua ya mahindi. Ina mabawa, ina mkia, ila hairuki. Sasa sikiliza habari za watu wazima walioiga ndege ya vita, kipimo kwa kipimo, nayo ikaruka.

Ndege yenyewe ni Messerschmitt Me 262 ya Wajerumani, ndege ya jeti ya kwanza kuingia vitani, mwaka 1944. Mwendo wake ulikuwa yapata kilometa 870 kwa saa. Njia ya Korogwe hadi Handeni, kilometa 65, ingeimaliza kabla ya dakika 5. Wenye mabasi wasisikie!

Mwaka 1993 mafundi wa Marekani walianza kuunda mifano 5. Wakaazima ndege moja ya asili kwa jeshi la majini la nchi yao, ambayo ilikuwa imesimama nje miaka mingi, inaliwa na kutu. Wakaifungua kipande kwa kipande, wakapima, wakaiga. Kisha wakaitengeneza na kuirudisha ikiwa nzuri kuliko walivyoichukua. Waazimaji wa namna hiyo ni wachache.

Lakini injini hawakuiiga. Wakati wa vita Wajerumani walipungukiwa na nikeli na kobalti, madini yanayokifanya chuma kistahimili moto mkali. Wakatumia chuma hafifu, na injini ikadumu saa 10 hadi 25 tu. Tena rubani akiongeza mafuta kwa haraka, iliweza kuzimika au kushika moto. Nani angempandisha mwanawe humo? Basi mafundi wakatia injini ya General Electric, ndogo na yenye nguvu zaidi, wakaificha ndani ya ganda lenye umbo la ile ya kale. Wako wanaosema huo si uigaji wa kweli. Mimi nasema walifanya vema.

Ya kwanza iliruka mjini Everett tarehe 20 Desemba 2002. Mwezi uliofuata mguu mmoja ukakunjika ilipotua, ikarudi kwa mafundi.

Jambo moja halipimiki kwa futi wala inchi. Viwiliwili vingi vya ndege za asili viliundwa na wafungwa wa kambi ya Gusen, Austria, ndani ya mapango, kwa njaa na mapigo. Maelfu walikufa.

Mfano mmoja ulichukuliwa na Wajerumani wenyewe. Ukaanza kuruka Manching mwaka 2006.