Harufu ya Jikoni Inapomshinda Mgonjwa

Akina mama wapenzi, mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalozua maneno katika nyumba zenye mgonjwa wa kansa.

Mama anatibiwa kwa dawa za dripu. Kitunguu kikianza kukaangwa tu, anashika pua na kukimbilia nje. Samaki aliowapenda miaka yote sasa hataki hata kuwasikia. Mume akimsogelea na marashi yake, anageuza uso. Wifi ananong'ona, "Siku hizi ana maringo." Mume anadhani amechukiwa. Mgonjwa naye, kwa kuona haya, ananyamaza na kuacha kula. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana anayekonda sana na kuishiwa nguvu huenda akaahirishiwa matibabu yake.

Tusimhukumu. Dawa hizi hushambulia chembe hai zinazozaliana haraka, kwa kuwa kansa ndivyo ilivyo. Lakini chembe za kunusia na za kuonja nazo hujifanya upya mara kwa mara, kwa hiyo huguswa pia. Tena mwili hujifunza upesi kuunganisha harufu fulani na kutapika. Wengi wetu twakumbuka mimba changa ilivyotukimbiza jikoni. Je, yalikuwa maringo?

Basi tufanyeje?

Kwanza, mgonjwa asipike. Jiko la mkaa au la mafuta ya taa liwekwe uani, mbali na dirisha lake, na sufuria ifunikwe. Dagaa na vitu vya kukaanga vipikwe akiwa ametoka.

Pili, chakula kisiletwe kikifuka, maana mvuke ndio unaobeba harufu. Kifunuliwe mbali naye, kipoe kidogo. Uji wa vuguvugu, viazi vitamu, yai la kuchemsha lililoiva sawasawa, ndizi mbivu au embe lililooshwa na kumenywa huenda vikakubalika. Apewe kidogo kidogo, hata mara tano au sita kwa siku. Vinywaji viwe katika kikombe chenye kifuniko na mrija. Lakini tuangalie: kinga yake imepungua. Kwa joto letu, chakula kilichokaa wazi zaidi ya saa moja asipewe.

Tatu, siku ya dripu tusimpikie chakula akipendacho kuliko vyote, asije akakichukia kabisa.

Nne, tupunguze manukato: sabuni, mafuta ya kujipaka, udi, dawa ya mbu ya kuchoma. Wanajumuiya wanaokuja kumjulia hali waambiwe kwa upole waache marashi siku hiyo. Wengine hupata nafuu kwa kunusa ndimu iliyokatwa. Akiipenda, apewe, akiikataa, iondolewe bila maneno.

Tano, dawa za kuzuia kichefuchefu anywe kwa saa alizoagizwa, asingoje mpaka atapike. Kabla ya kula asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Na kama kwa siku nzima hata maji hayakai tumboni, au homa imefika nyuzi 38, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali mara moja.

Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu, msikasirike mkeo akisogea pembeni. Oga, badili shati, kisha muulize, "Leo harufu gani inakusumbua?" Ya leo huenda isiwe ya kesho. Kwa wengi hali hii hupungua majuma au miezi baada ya matibabu kwisha.

Na wewe mama uliye mgonjwa, usife na njaa kwa kuogopa kuitwa msumbufu. Sema wazi kinachokushinda. Watoto wakikuzoea ukiwahudumia, sasa na wajifunze kukuhudumia wewe.

Tuonane mwezi ujao.