Malisho Nayo Yataka Kupumzika

Katika nchi ya Musoma, Bunda na Butiama, mali ya mtu huonekana zizini. Ng'ombe hutoa maziwa, huvuta plau, na hulipiwa mahari. Walakini mali hiyo yote yasimama juu ya kitu kinyonge kinachokanyagwa kila siku, nacho ni nyasi.

Watu wengine husema kwamba nyasi hazina mwisho, maana mvua ikinyesha huota tena. Wengine husema kwamba ng'ombe ndiye adui wa nyasi. Maneno yote mawili si kweli.

Nyasi zaweza kustahimili meno. Mti hurefuka kwa ncha zake, bali nyasi huchipuka karibu na ardhi, mahali ambapo ulimi wa ng'ombe haufiki kwa urahisi. Kwa hiyo jani likiliwa, jingine huchomoza. Tena ukoka hutambaa chini, na kila kifundo chake chaweza kutoa mizizi.

Lakini jani ndilo jiko la mmea. Humo chakula hupikwa kwa nguvu za jua, na mizizi hupata sehemu yake. Jani likikatwa kila linapochomoza, mizizi hukosa chakula, hudhoofika, na mwisho hufa. Ndipo ardhi hubaki tupu, na mvua huchukua udongo mpaka ziwani.

Ushahidi u karibu. Mashariki ya Bunda iko mbuga ya Serengeti. Mwaka 1961 nyumbu wa huko walikuwa kama robo milioni. Ng'ombe wa jirani walipochanjwa, ugonjwa wa sotoka ulitoweka kwa nyumbu, nao wakazidi milioni moja kufika mwaka 1977. Wala nyasi hazikwisha. Kwa maana nyumbu hula, kisha huhama kufuata mvua, na nyuma yao nyasi huchipuka kwa utulivu.

Mtu atasema, "Ng'ombe wa kijijini hawawezi kuhama hivyo, kwa kuwa mashamba yamewazunguka." Ni kweli, basi akili ya mchungaji na ifanye kazi ya safari ile. Wasukuma, majirani wa kusini, wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, hufunguliwa wakati wa kiangazi. Desturi hiyo yafaa kila kijiji cha Mara.

Anayeona kuwa ni hasara kuyafunga malisho yangali mabichi, na amtazame mkulima. Hata akiwa na njaa, hali mbegu yake yote.